Kikopo Kinachoamua

Mgeni alikuja kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Hakupiga hodi, na hapakuwa na mlango wa kupigia hodi: fundi viatu alifanyia kazi kibarazani mwa nyumba ya mwanawe, meza yake ikitazama njia, na yeyote mwenye kiatu kibovu alikuwa na ruhusa ya kusimama pale. Lakini huyu alisimama kama mtu aliyeitwa. Suti ya kijivu, tai nyekundu, mkoba mkubwa begani, na soksi yenye tundu ambamo kidole gumba kilichungulia kutaka kujua kuna nini.

"Shikamoo, mzee. Nishonee hiki upesi, nina wateja wananingoja."

Fundi alikipokea. Kiatu kilikuwa kimeachama, soli huku, ngozi kule. Kabla ya kusema neno alitia mkono ndani yake akapapasa kote kwa ncha za vidole, polepole, kama kipofu anayeujua uso wa mtu kwa kuugusa. Miaka arobaini alikuwa akifanya hivyo. Hakuna kiatu kilichotoka mezani pake na msumari unaochungulia ndani, na hilo aliliringia kuliko maringo yote aliyowahi kuringa.

"Marahaba," akasema alipomaliza. "Wateja wa nini?"

"Wa maamuzi."

"Maamuzi nayo yanauzwa siku hizi? Kwa kilo au kwa mita?"

"Nauza chombo, mzee wangu. Kinachomtesa binadamu si umaskini, ni kutojua. Niende, nisiende? Nioe, nisioe? Basi mimi nimeleta tiba."

Fundi alishona, mgeni akahubiri. Kiatu kilipokwisha, mgeni alijipapasa mifuko yote minne ya suti, na mfuko mmoja baada ya mwingine ukamkana. Akatia mkono mkobani, akatoa kitu cheusi cha duara, ukubwa na umbo sawasawa na kopo la rangi ya viatu, chenye kitufe chekundu juu na vitundu vidogo ubavuni.

"Hiki kinazidi gharama ya ushonaji wako mara kumi. Kaa nacho. Jioni nitapita kukikomboa."

"Kabla hujaja hapa," fundi akauliza, "ulikiuliza kama una pesa?"

Mgeni alicheka kicheko cha mtu aliyezoea kutukanwa, akabonyeza kitufe mwenyewe. Sauti ya mwanamke, ya puani, kama karani wa dirishani anayekaribia kwenda kula, ikasema: "Uliza tena." Mgeni akavaa kiatu chake, akaondoka kwa hatua za mtu mwenye soli mpya. Jioni hakupita, wala jioni nyingine yoyote.

Aliyekipata kikopo ni Katibu.

Katibu ni mwanawe fundi, mtoto wa pekee, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja mwenye kitambi cha heshima. Jina hilo alilipata kwa sababu alikuwa katibu wa kila kamati iliyopata kuundwa mtaani, na hakuna mtu aliyeandika kumbukumbu nzuri kama zake za vikao ambavyo havikuamua kitu. Kazini alikuwa karani wa stoo ya mabomba. Mwaka wa kumi na moja sasa alikuwa akitafakari kama aombe nafasi ya msimamizi wa stoo, na wasimamizi watatu walikuwa wamekuja na kupita wakati yeye anatafakari.

"Hiki kitu si mchezo, Baba," alisema usiku ule mezani, akikigeuzageuza. "Kina programu."

"Hata yule kuku wa jirani anayetaga chooni ana programu."

"Kina majibu manne. Ndiyo, Hapana, Subiri kidogo, na Uliza tena. Ukifikiria vizuri, maishani kuna jibu gani la tano?"

"Lipo," akasema mkewe, ambaye alikuwa akipiga pasi mashati ya watu kwenye kona. Ndiyo kazi iliyokuwa ikiongeza unga ndani ya nyumba ile. "Jibu la tano ni: inuka ukafanye."

Wiki tatu zilizofuata nyumba iliendeshwa na sauti ya puani. Katibu alikiuliza kikopo kama avae shati la bluu. Alikiuliza kama mvua itanyesha, huku mvua ikinyesha. Kwenye kikao cha mtaro alikibonyeza chini ya meza, na kamati nzima ikasikia mwanamke asiyeonekana akisema "Hapana", na mwenyekiti, akidhani kuna mjumbe aliyepinga, akaahirisha kikao kwa ajili ya maridhiano. Maji machafu yaliendelea kupita mbele ya nyumba za watu kama kawaida.

Siku moja mkewe aliweka pasi chini, akakinyakua.

"Ngoja na mimi niulize. Wewe bibi wa humo ndani, mimi ni mbuzi?"

"Ndiyo," kikasema kikopo.

"Haya. Na huyu mume wangu, ni mwanamume?"

"Uliza tena."

Fundi alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, akajipigapiga kifua. Katibu alikichukua kikopo chake akakifuta kwa kitambaa. "Mnakiuliza kwa dharau," alisema. "Kinajua."

"Ulipokuja kwetu kuposa ulibonyeza nini, baba watoto?" mkewe akamuuliza. "Au ndiyo maana ulichukua miaka mitano?"

Fundi alikuwa na mteja mmoja ambaye hakumfanyia mzaha, kwa sababu alikuwa mkali kuliko yeye. Binti wa miaka kumi na miwili, aliyekaa ghorofa ya tatu ya jengo la upande wa pili wa njia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole vitatu vya mkono. Watoto wa mtaani walikuwa na jina lao la kumwita. Fundi alimwita Bosi.

"Nataka soli ya huu iinuliwe," alisema alipoleta viatu vyeusi vya shule. "Lakini iwe nyepesi. Ile uliyonifanyia mwaka juzi ilikuwa kama nimefungwa jiwe."

"Vidole vitatu vyepesi. Bosi, unataka mwujiza."

"Naanza shule mpya. Hakuna anayenijua kule. Nataka siku ya kwanza nisichechemee. Siku ya pili si neno."

Fundi alikuna kidevu. Chini ya meza, ndani ya mfuko wa nailoni, alikuwa na kipande kimoja cha raba nyeupe, nene, nyepesi kama mkate. Alikinunua zamani kwa muuza soli wa jumla, na raba ya aina ile haikuletwa sokoni tena. Alikuwa akikitunza bila kujua anakitunzia nini.

"Shule inafunguliwa Jumatatu ya mwezi ujao, siyo? Jumapili yake, kabla ya giza, viatu vitakuwa mlangoni kwenu. Nitavileta mwenyewe."

"Mwenyewe? Huwa unasema hivyohivyo, halafu unamtuma mtu, halafu anakaa navyo siku mbili."

"Mwenyewe, Bosi. Kwa miguu yangu hii."

Mkwe wake, mke wa Katibu, ndiye aliyeona madoa. Alikuwa anapiga deki sakafuni akakuta alama ndogondogo za kahawia, moja baada ya nyingine, kutoka mlango wa chumba cha mzee mpaka kibarazani.

"Baba, umemwaga rangi?"

"Rangi gani?"

"Hebu vua kiatu."

Fundi alivua, na harufu ikatangulia. Kidole cha mwisho na jirani yake vilikuwa vimebadilika rangi. Mkwe alitia mkono ndani ya kiatu cha mzee, akapapasa kama alivyomwona yeye akipapasa miaka yote, akautoa haraka. Ncha ya kidole chake ilikuwa na tone la damu. Msumari wa soli ulikuwa umechomoza ndani kama jino. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeua fahamu za nyayo za mzee tangu mwaka juzi. Alikuwa akiutembelea msumari ule wiki ngapi, Mungu ndiye ajuaye.

"Mganga hajigangi," fundi akasema, akijaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa mjukuu wake, na hakupoteza maneno.

"Vidole viwili tutaviondoa. Mlete kesho saa mbili asubuhi, hajala kitu. Mkikaa wiki moja, sitazungumzia vidole tena."

"Tutashauriana, daktari," akasema Katibu, na daftari la vikao likakaribia kutoka mfukoni.

"Mshauriane na nani? Mgonjwa huyu hapa."

Nyumbani Katibu alikaa kwenye kiti, akaweka kikopo juu ya goti, akavuta pumzi. "Je, Baba akatwe vidole kesho?"

"Subiri kidogo."

"Mnasikia?" Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda baba yake, na ndiyo maana aliogopa. "Mimi sisemi asiende. Nasema tusikimbilie visu."

"Mashine iliyoniita mbuzi ndiyo inamganga Baba!" mkewe akafoka.

"Acheni kelele," fundi akasema. "Mtu mzima hangoji ruhusa ya kopo. Kesho saa mbili nitakuwa pale. Hata kama nitakwenda peke yangu."

Alisema kwa sauti kubwa, ya kejeli, na mkwe akamwangalia kwa shukrani. Mwanawe aliinamisha kichwa. Fundi aliliona lile, na lilimpendeza.

Asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili, fundi alikuwa amekwisha vaa. Hakuwa amelala. Usiku kucha vile vidole viwili visivyohisi kitu vilikuwa vikimjia, navyo ni vyake tangu azaliwe, na alivyozidi kuvifikiria ndivyo alivyozidi kumwona yule daktari kuwa mtoto mno. Alitoka chumbani akichechemea. Pale mezani, karibu na miwani ya Katibu, kikopo kilikuwa kimekaa.

Alitazama nyuma. Mkwe alikuwa uani anawasha moto. Fundi alikishika kikopo, akakifunika kwa viganja viwili ili sauti isisambae, akabonyeza.

"Ndiyo," kikanong'ona.

Akabonyeza tena.

"Uliza tena."

Akabonyeza mara ya tatu.

"Subiri kidogo."

Akakirudisha pale pale, kitufe juu kama kilivyokuwa. Mkwe alipoingia na maji ya kunawa alimkuta amekaa kibarazani, kiatu cha Bosi mapajani.

"Twende, Baba. Saa inakwenda."

"Nitakwenda Jumatatu, mkwe wangu. Nina kazi ya watu. Nilimwahidi yule mtoto."

"Shule inafunguliwa wiki mbili na nusu zijazo!"

"Kazi ya soli ya kuinua si ya siku moja. Wewe unajua pasi, viatu niachie mimi."

Hakuwahi kumjibu vile. Mkwe alisimama kidogo, maji mkononi, kisha akaingia ndani. Siku ile fundi hakutia hata mshono mmoja kwenye kiatu cha Bosi. Alikishika tu, kila mtu alipopita.

Jumapili alishikwa na homa. Jumatatu haikumkuta na akili zake. Alijua kwamba alibebwa, kwamba dari lilikuwa jeupe, kwamba watu walizungumza kama wako upande wa pili wa ukuta.

"Nusu ya mguu, kuanzia hapa kwenda mbele," ilisema sauti ya daktari. "Tukiwahi leo, kisigino kitabaki. Nani anaweka saini?"

Kisha sauti ya muuguzi: "Kaka, weka chini simu hiyo. Humu ndani hairuhusiwi."

"Si simu," akasema Katibu.

"Ni nini basi?"

Fundi, ndani ya homa yake, alingoja kama wote. Alisikia kofi dogo, mkono juu ya mkono, na kitu cha plastiki kikianguka na kubingirika sakafuni. Kikasema, huko chini ya kitanda, kwa sauti ya puani: "Hapana."

"Saini!" ilikuwa sauti ya mkwe. "Saini, ama nitasaini mimi na jina lako nitalifuta kwenye ukoo!"

Kalamu ilikwaruza karatasi, polepole, herufi moja moja.

Siku ya nne baada ya kisu, Katibu alikuja peke yake. Alileta uji kwenye chupa, akaumimina, ukamwagika kwenye shuka, akaanza kuufuta kwa kitambaa chake, na katikati ya kufuta akaanza kulia. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani kwa adabu.

"Ni mimi, Baba. Mimi na kile kikopo. Mke wangu hasemi na mimi. Ana haki. Nisingekileta mezani ungekwenda siku ile. Ulikuwa umesema utakwenda, mimi nikakuvunja moyo."

Fundi aliangalia bandeji. Ilikuwa imeishia ghafla, mahali ambapo macho bado yalitarajia kuona kitu. Ingekuwa rahisi sana kunyamaza. Mtoto alikuwa amekwisha jitwika mzigo, ameufunga na kamba mwenyewe, na mabega yake yalikuwa yamezoea kuinama.

"Nilikibonyeza," fundi akasema.

"Nini?"

"Asubuhi ile. Mlipokuwa hamnioni. Kikaniambia nenda. Nikabonyeza tena. Kingesema nenda mara mia, ningebonyeza mara mia na moja."

Katibu aliacha kufuta.

"Wewe ulikiamini, basi," fundi akaendelea. "Mimi sikukiamini hata kidogo. Nilikuwa natafuta wa kuniambia nikae. Halafu nikamsingizia mtoto wa watu na kiatu chake. Kamwambie mkeo. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi nitamwambia mbele ya majirani."

Walikaa hivyo mpaka kengele ya wageni ikalia. Katibu alipoinuka, baba yake alimwita tena.

"Kile kikopo kiko wapi?"

"Mke wangu amekificha. Kwenye kapu la nguo za pasi."

"Kileteni nikirudi. Nina kazi nacho."

Alirudi Alhamisi, kwa magongo mawili ya kuazimwa na masharti kutoka kwa daktari: asikanyage kwa mwezi mmoja, asishushe mguu, asipande ngazi. Muuguzi alimwambia pia kwamba baadaye atahitaji kiatu maalumu, kilichojazwa mbele, kwa kitu chepesi kisichochubua.

"Kitu chepesi," alirudia fundi.

Ijumaa aliketi kibarazani, mguu juu ya kigoda, akaomba mfuko wa nailoni wa chini ya meza. Kipande cha raba nyeupe kilikuwa kimoja tu. Alikiweka juu ya kiatu cha Bosi akapima, kisha, kwa kuwa ni binadamu, akakiweka kwenye kiatu chake mwenyewe, mahali ambapo mbele ya mguu wake ingekuwa. Kilienea vizuri. Kilienea kama kilikatiwa pale.

Mkwe alikuwa mlangoni, na alikuwa amekwisha ambiwa habari ya asubuhi ile. Siku mbili alikuwa akimhudumia bila neno, sahani mezani, maji mezani, macho kwingine.

"Hakitoshi viwili," akasema. Lilikuwa neno la kwanza.

"Hakitoshi."

"Mtoto mwenyewe hatojua. Mtie raba ya kawaida, nzito kidogo, atazoea. Wewe ndiye huna mguu, Baba."

"Nilimtumia kuwadanganyeni," fundi akasema. "Wewe nilikudanganya usoni, umeshika maji yangu ya kunawa."

Mkwe aliingia ndani, akatoka na kikopo, akakiweka mezani mbele yake kama mtu anayeweka panya aliyemnasa. Fundi alichukua kisu cha ngozi, akakipasua ubavuni. Ndani mlikuwa na betri, spika ya karatasi, na kidude kisichozidi ukucha wa mtoto. Ndiyo hivyo tu. Katibu, aliyekuwa amekuja kuchungulia, alitazama kwa muda mrefu, uso umemsawajika, kama mtu anayeonyeshwa picha yake mwenyewe akiwa amelewa.

Fundi alimwaga yale ya ndani kwenye takataka. Kasha tupu akalijaza misumari midogo ya soli, akalifunika. Lilifaa sana.

Kisha akakata raba.

Jumapili, jua likiwa limeinama lakini halijazama, viatu vilikuwa tayari, vimepakwa rangi mpaka vinang'aa. Katibu alinyoosha mkono.

"Nipe nipeleke, Baba. Ni pale tu ng'ambo. Mtoto ataelewa."

"Nilisema mwenyewe."

"Daktari amesema usipande ngazi."

"Amesema."

Katibu alisimama. Mkono wake ulikwenda mfukoni, kwa mazoea, ukakuta mfuko mtupu. Mkewe alikuwa akimtazama kutoka nyuma ya pasi. Akautoa mkono, akakunja mikono ya shati.

"Basi gongo moja uliache," akasema. "Upande huo nitakushika mimi. Tukianguka, tuanguke wote."

Ngazi zilikuwa arobaini na mbili. Kwenye ya kumi fundi alitukana wajenzi. Kwenye ya ishirini alitukana mpenzi wa kwanza wa bibi yake fundi mjenzi. Kuanzia thelathini hakutukana mtu, na kwenye bandeji, upande wa mbele, palitokea doa jekundu lililokuwa likikua. Katibu aliliona, akamshika baba yake kiuno kwa nguvu zaidi.

Mlango ulifunguliwa na Bosi mwenyewe. Aliangalia magongo, akaangalia bandeji.

"Ulisema kabla ya giza," akasema, lakini ukali ulikuwa umemponyoka.

"Toka nje uone jua kama limekufa."

Hakumpa viatu mara moja. Aliegemea ukuta, akatia mkono ndani ya kile cha kushoto, akafumba macho, akapapasa kote, kisigino, katikati, ubavuni, mpaka kwenye ncha. Kisha akatia ndani ya kile cha kulia, akapapasa vilevile. Ndipo akavitoa.

Bosi alivaa akiwa amekaa sakafuni, akafunga kamba kwa mafundo mawili, akainuka. Alisimama kidogo, kama aliyetua mahali asipopajua. Halafu akaanza kutembea, kutoka mlangoni kwao mpaka mwisho wa ujia, kwenye dirisha.

Fundi hakumtazama. Aliinamisha kichwa akasikiliza sakafu ya saruji. Hatua ya kulia, hatua ya kushoto. Uzito mmoja, mwendo mmoja.

"Geuka, Bosi," akasema. "Rudi tena. Sijashiba."